Kuchapa michoro midogo kwenye haidrojeli: chunga maji kwanza

Ukitaka kutengeneza vishimo au mifereji ya mikromita chache juu ya haidrojeli (jeli iliyojaa maji), usihangaikie sana kalibu unayomiminia jeli. Kalibu nzuri ya silikoni haisumbui. Kinachoharibu kazi ni maji: agarosi (jeli itokanayo na mwani) ya asilimia 2 ni maji karibu yote, na mchoro wako unashikiliwa na hicho kidogo kilichobaki.

Anayeanza namshauri aanze na agarosi. Huyeyuka karibu nyuzi 90 za Selsiasi lakini haigandi mpaka ishuke chini ya 40, kwa hiyo unaimimina bila pupa. Pasha kalibu kwanza, la sivyo jeli itaganda kabla haijajaza vishimo. Silikoni nayo hukataa maji na kunasa viputo vya hewa; ipitishe kwenye plazma ya oksijeni (gesi iliyochajiwa umeme, huifanya ipokee maji) siku hiyohiyo ya kumimina, kwani ukichelewa huanza kukataa maji tena.

Kubandua ndiko kunakotaka subira. Usivute. Tia bafa (maji ya chumvi yanayotunza kiwango cha asidi) pembeni, inua kona moja kwa kibanio, kisha ngoja. Utaona mstari unaong'aa ukisogea polepole kutoka ukingoni, maji yakipenya kati ya jeli na silikoni. Mstari huo ukifika upande wa pili, jeli imeshajiachia yenyewe, na kingo za mifereji zimebaki kali.

Kuanzia hapo isikauke hata kidogo. Ikiachwa wazi chini ya taa ya hadubini, kuta za mifereji huanguka. Upana nao upime baada ya jeli kukaa usiku kucha ndani ya bafa utakayoitumia, maana vipimo vya kalibu si vipimo vya jeli.

Seli hazishiki kwenye agarosi, na hiyo ni faida: jaza mifereji kwa jelatini, nazo zitashika humo tu. Ila jelatini isiyofungwa kikemia (yaani molekuli zake hazijaunganishwa) huwa uji ndani ya inkubeta ya nyuzi 37. Mimi hupendelea kuifunga kwa kimeng'enya cha transglutaminesi. Jenipini, kemikali itokanayo na mmea, pia hufunga vizuri, lakini huipaka jeli rangi ya buluu na kuifanya ing'ae yenyewe chini ya hadubini ya mng'ao (fluorescence), ikakuvurugia picha.

Aljineti, jeli nyingine ya mwani, ina mtego wake. Hushikamanishwa na kalsiamu, na fosfeti au sitreti huinyang'anya kalsiamu hiyo. Ukiiosha kwa bafa ya fosfeti, mchoro hulegea na mwishowe hutoweka. Tumia bafa isiyo na fosfeti, uongeze kloridi ya kalsiamu kidogo.