Kabla Hujanunua Benzi la Mtumba, Njoo Nikuonyeshe Daftari Langu

Haipiti wiki bila mtu kuingia dukani kwangu Ngamiani, Tanga, kununua Panadol, akapokea chenji yake, kisha akachungulia nje na kuuliza: "Dada, hilo Benzi ulilipata kwa shilingi ngapi?" Namwambia, milioni 9.5. Macho yanamtoka. Anajua kwa pesa hiyo Toyota IST nzuri haipati.

Hapo ndipo ninapolitoa daftari. Mimi ni mfamasia, kila kinachoingia na kutoka nakiandika, na gari nalo nimelifungulia kurasa zake. Mwaka wa kwanza lilikula milioni 4.8 nyingine, bila kuhesabu petroli wala bima. Wengi wakiuona mstari huo hurudi kwenye Panadol yao.

Nalipenda gari langu na sina mpango wa kuliuza. Ila nililinunua kijinga, na ujinga wenyewe ulianzia utotoni.

Baba alikuwa dereva wa meneja wa shamba la mkonge, upande wa Muheza. Gari la kazi lilikuwa Benzi 240 D, rangi ya maziwa, lile umbo ambalo mafundi hadi leo huliita 123. Asubuhi alikuwa akigeuza ufunguo nusu, anatulia, anaitazama taa ndogo kwenye dashibodi mpaka izimike, ndipo anawasha. Ni dizeli ya zamani, plagi zake lazima zipate moto kwanza. Sisi watoto tulidhani anasoma dua. Nilipomuuliza ukubwani alicheka, akasema muda ulitosha kwa yote mawili.

Gari lile halikuwa na mbio. Injini ya lita 2.4 ilitoa nguvu za farasi 65, baadaye wakaipandisha kufika 72. Lakini lilikwenda na kurudi miaka nenda miaka rudi, likibeba watu na barua, na mara moja mbuzi wa Idi (meneja hakuambiwa). Aina hiyo ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1986, na yalitoka karibu milioni 2.7 ya maumbo yote. Nikakua nikiamini kwamba Benzi haliharibiki. Ambacho sikukiona ni kwamba shamba lilikuwa na gereji yake, na baba alikuwa na kitabu cha sevisi alichokitunza kama cheti cha kuzaliwa. Kilometa zikifika, oili inamwagwa, hata kama meneja ana safari.

Halafu kulikuwa na lile neno, wabenzi. Walioikuta miaka ya sitini na sabini wanalijua: wakubwa wa serikali na mashirika waliopanda Benzi huku wananchi wakitembea kwa miguu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 lilikuwa tusi hasa. Baba hakulipenda. Alikuwa akisema yeye ni mwendesha Benzi, na kati ya hao wawili kuna kiti kimoja na mshahara mkubwa. Nadhani siku nilipolipa ile milioni 9.5 nilikuwa pia nanunua kile kiti cha nyuma ambacho hakuwahi kukikalia. Ukienda kutazama gari, jiulize mapema unanunua nini. Ikiwa ni nyota ya mbele tu, inauzwa peke yake, na ni rahisi zaidi.

Tukiwa kwenye hiyo nyota: ncha zake tatu ni nchi kavu, maji na anga, kwa sababu kampuni ya Gottlieb Daimler ilitaka injini zake ziende kote huko. Jina Mercedes ni la msichana, binti wa mfanyabiashara Emil Jellinek, aliyekuwa akiwauzia matajiri wa Nice magari ya Daimler na akataka gari jipya la 1901 libebe jina la mwanawe. Benz ni Karl Benz wa Mannheim, aliyeandikisha gari lake la magurudumu matatu Januari 1886. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1926.

Lakini ninayemhusudu mimi ni mke wa Karl, Bertha. Agosti 1888 gari lilikuwepo na hakuna anayelinunua, mumewe kazi yake kulirekebisha tu. Bertha akawachukua wanawe wawili alfajiri, bila kumuaga mzee, akaliendesha kutoka Mannheim hadi kwao Pforzheim, zaidi ya kilometa 100. Ni kama kutoka hapa Tanga mpaka uipite Korogwe, wakati ambapo hakuna hata kituo kimoja cha mafuta duniani. Mafuta yalipomwishia aliingia duka la dawa mjini Wiesloch akanunua ligroini, kimiminika kilichotumika kusafishia madoa. Duka la dawa! Nikikaa kaunta siku hakuna wateja humfikiria yule mwenzangu wa Wiesloch: anaingia mama ana vumbi mpaka kwenye nyusi, hataki dawa ya kikohozi, anataka chupa zote za kuondolea madoa.

Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Waya ulipoanza kuleta hitilafu aliuzungushia mkanda wa soksi. Breki za mbao zilipolika alimwendea fundi viatu akazipigilia ngozi. Kwenye milima watoto walisukuma, na aliporudi alimwambia mumewe aongeze gia ya kupandia. Kwa hiyo mmiliki wa kwanza aliyesafiri mbali na gari hili alijua kila mrija wake unapopita. Mimi nilikuwa sijui hata boneti inafunguliwa kwa kuvuta wapi.

Langu ni C200 Kompressor ya 2004, lililotoka Japani. Nyuma limeandikwa 200 na watu hudhani ni lita 2, kumbe kuanzia 2002 injini yake ni ya lita 1.8 yenye kikandamiza hewa. Uliza ujazo halisi kabla ya kuagiza, maana TRA hukokotoa kodi kwa ujazo wa injini na umri wa gari, haiangalii herufi za kwenye buti. Redio yake ya Kijapani inaishia 90 FM, kwa hiyo miezi ya mwanzo nilikosa nusu ya stesheni, na yule mama wa kwenye ramani ananisemesha Kijapani hadi leo. Nimemzoea.

Mwezi wa tatu nilikuwa natoka Dar. Nimepita Segera, nimepita Hale, nafika Muheza gari likanasa gia ya pili. Injini inapiga kelele, mwendo haupandi. Nikisimama nikazima na kuwasha, linakwenda vizuri kidogo, kisha linanasa tena. Kutoka Muheza hadi nyumbani nilipitwa na kila chenye magurudumu, bajaji zikiwemo, na dereva mmoja wa daladala akanipungia mkono wa pole.

Fundi wa kwanza hakuligusa. Alisikiliza maelezo yangu, akasema gia boksi imekufa, nitafute nyingine ya mtumba, milioni 3. Ningetoa pesa, ila kwa kazi yangu nimeona mno watu wakimeza dawa za malaria isiyopimwa. Nikampelekea mzee mmoja wa Makorora aliyewahi kufanya kazi gereji za mashamba, mwenye kimashine chake cha kupimia. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia, "Kaa hapo mwanangu, tusimzike mtu anayepumua."

Alilala chini ya gari dakika kumi. Kumbe gia boksi hii ya gia tano ina plagi ya nyaya ubavuni, na ndani ya plagi kuna oringi ndogo, yaani pete za mpira. Oringi zikikauka, oili inapenya, inapanda ndani ya nyaya kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, hadi kwenye kompyuta ya gia. Kompyuta ikichanganyikiwa hulinda gia boksi kwa kuifunga kwenye gia ya pili. Plagi mpya, kusafisha kompyuta, filta na oili mpya: laki 6 na nusu, nyingi zikiwa bei ya oili. Na ukitaka kupima kiwango cha oili hiyo mwenyewe, utafungua kifuniko usikute kijiti. Kijiti wanacho mafundi. Ndiyo maana wamiliki wengi huisahau mpaka gia boksi nusura ife. Mimi sasa naimwaga kila kilometa 60,000, na daftari linanikumbusha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu gari. Tafuta fundi. Nenda ukamwone kabla hujamwona muuzaji, umuulize Benzi zipi anazijua na kama ana kipimo kinachozisoma. Tanga fundi wa Toyota yuko kila kona, wa Benzi unawahesabu kwa vidole, na mwenye subira ni pungufu ya hapo. Ukikosa, nunua Toyota ulale usingizi.

Siku ya kwenda kuliona, mpigie muuzaji simu usiku wa kuamkia siku hiyo umwambie asiliwashe. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Kama ni ya moto, kuna sauti hataki uisikie. Injini za namna ya langu zina mnyororo ambao hurefuka, na likiwashwa baridi hutoa mkwaruzo wa sekunde chache, kama sarafu zinazotikiswa kwenye kopo, kisha hutulia. Likishapata moto husikii kitu. Mnyororo ukiruka meno, valvu zinakutana na pistoni, na hapo hatuongelei tena laki. Langu lilikuwa na huo mkwaruzo. Muuzaji alikuwa amelitembeza mjini nusu saa kabla sijafika, "ili lisikuletee shida dada." Nilimshukuru! Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mnyororo na meno yake vilikula milioni 1.9 katika ile 4.8.

Halafu inama chini. Upepo wa bahari yetu haubagui, na gari lililolala Raskazone miaka mitano linaweza kung'aa juu huku sakafu yake ikimeguka kama mkate mkavu. Gusa ndani ya matao ya matairi, chini ya milango, na pale jeki inapokaa. Oili ya injini isome kwenye dumu: tafuta maandishi ya MB 229.5, usikubali "hii nzuri tu, wote wanaweka." Na kwenye rejeta usiweke maji ya bomba. Wanaume wa kijiweni watakucheka ukinunua kipozeo chenye rangi. Waache wacheke, si wao watakaobadilisha pampu yako.

Spea? Za Gerezani Dar zinapatikana, mtumba na mpya. Ninachofanya ni kutuma picha ya namba iliyochongwa kwenye kifaa cha zamani, si jina lake, na basi linaniletea kesho yake. Nililiwa mara moja tu, na bushi zilizodumu wiki sita.

Kitu cha mwisho, na hakilipiwi, ni namba ya chasisi. Ina herufi na tarakimu 17. Benzi za umri huu huanza na WDB, nyingi za baadaye WDD. Tarakimu tatu zinazofuata ni aina: 203 ni C-Class kama langu, 211 ni E-Class. Ya kumi inasema stelingi ilipotoka kiwandani ilikuwa upande gani: 1 kushoto, 2 kulia. Hii ya kumi ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu Wajapani wenye pesa walipenda magari ya Ulaya yenye stelingi ya kushoto japo wao huendesha upande kama sisi, na baadhi ya magari hayo hugeuzwa uchochoroni kabla ya kuuzwa. Gari lenye stelingi iliyogeuzwa na mtu usiyemjua usimpandishe mtoto.

Wiki iliyopita kijana mmoja, mteja wangu wa dawa za pumu za mama yake, alinionyesha kwenye simu tangazo la E-Class ya 2003, nyeusi, milioni 11. Nikamweleza kwamba aina ile ya kabla ya mabadiliko ya 2006 breki zake zinaongozwa kwa umeme, kifaa chake huhesabu kila unapokanyaga na hesabu ikiisha huomba kubadilishwa, tena fundi akibadilisha pedi bila kuuzima mfumo kwanza anaweza kubanwa vidole. Nikamwambia amwombe muuzaji picha ya namba ya chasisi.

Picha ikaja palepale. WDB211, vizuri, kisha dole gumba la mtu limelala juu ya zote zilizobaki. Kijana akamwandikia, "Kaka, ondoa kidole." Alama mbili za bluu zikatokea. Leo ni siku ya sita.