Jibu: Mazoezi ya kitandani miezi minne, bado anabebwa

Habari ndugu. Umesema kaka yako, aliyepooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo, ananyooshwa viungo kitandani kila siku lakini bado anabebwa kuingia kwenye kiti cha magurudumu. Kunyoosha kunalenga kuzuia viungo kukakamaa tu, hakumfundishi mtu kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Afanyie mazoezi kuhama kwenyewe.

Kwanza pima urefu wa kitanda na wa kiti. Tofauti ya sentimita 10 inaweza kumkwamisha hata mwenye mikono imara, na kitanda kikiwa ndicho kirefu, dawa yake huweza kuwa msumeno kwenye miguu ya kitanda, si vyuma vya kunyanyua.

Kiti kikae mshazari, nyuzi 30 hivi, breki zifungwe, egemeo la mkono la upande wa kitanda litolewe, nyayo ziguse sakafu. Ubao laini uzibe pengo. Ainame mbele, kichwa kielekee kinyume na makalio yanakokwenda. Hapa ndipo wengi hukosea: wanakitazama kiti, makalio yanagoma kunyanyuka. Ahame kwa hatua fupi tatu nne bila kujiburuta, maana ngozi huchubuka asihisi. Msimvute kwa makwapa, mtamuumiza mabega.

Akishakaa, ainame mbele dakika mbili kila nusu saa. Jioni akague makalio kwa kioo. Akiona doa jekundu, au jeusi kuliko ngozi ya jirani, lisilofifia, asilikalie mpaka lipotee.

Hukutaja pingili ya uti wa mgongo iliyoumia. Kama mikono nayo ni dhaifu, aonwe kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia.