Maswali na Majibu: Uzito wa Makala za Mtafiti

Msimamizi wangu husifu watafiti wa baiolojia ya molekuli kwa kutaja "h" zao. Je, mwenye 30 ni bora kuliko mwenye 15? (Mwanafunzi wa uzamili, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Kipimo hicho, h-index kwa Kiingereza, kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mtafiti mwenye h ya 15 ana makala 15 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 15 katika maandishi ya kitaaluma yaliyofuata. Kwa kuwa h haishuki hata mtu akistaafu, humpendelea aliyeanza zamani. Na mwenye makala mbili tu, hata zikirejelewa mara elfu kumi, h yake haivuki 2. Linganisha watu wa fani moja walioanza kazi nyakati zinazokaribiana, vinginevyo achana nayo.

Makala iliyorejelewa kuliko zote ndiyo yenye ugunduzi mkubwa kuliko wote? (Mwalimu wa baiolojia, Kondoa)

Hapana, na fani ya baiolojia ya molekuli inatoa ushahidi mzuri. Makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, iliyoeleza namna ya kupima kiasi cha protini katika sampuli, imerejelewa zaidi ya mara 300,000. Ile ya Watson na Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA, ambayo ina urefu wa ukurasa mmoja na ziada kidogo, haikaribii hata kidogo hesabu hiyo. Sababu ni kwamba anayetumia njia fulani maabara hulazimika kuitaja kila anapoandika, ilhali ugunduzi uliokwisha kuingia katika vitabu vya kidato cha sita hakuna anayeona haja ya kuutolea rejeo. Wapo pia waliochelewa kusikilizwa: Barbara McClintock alichapisha mwaka 1950 kuhusu vinasaba vya mahindi vinavyohama mahali, wenzake wengi wakampuuza, na Tuzo ya Nobel akaipata mwaka 1983. Kamati ambayo ingehesabu marejeo ya makala hiyo mwaka 1960 huenda ingemnyima cheo.

Makala ikirejelewa ili kupingwa, inahesabiwa? (Msomaji, Singida)

Inahesabiwa. Makala za Hwang Woo-suk wa Korea Kusini kuhusu seli shina (seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) ziliondolewa na jarida la Science mwaka 2006 kwa udanganyifu, lakini kuzitaja kama mfano wa udanganyifu nako huongeza idadi.

Binti yangu ametajwa wa nne kati ya waandishi tisa. Nifurahi? (Mzazi, Kisasa)

Furahi, mzazi mwenzangu. Katika fani hii, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio, na la mwisho ni la kiongozi wa maabara. Walio katikati walichangia sehemu fulani, nayo majarida mengi sasa hutaka ielezwe waziwazi ni ipi. Soma maelezo hayo kabla ya kuhesabu nafasi.

Sisi wakulima hatusomi majarida. Watafiti wa vinasaba wanapimwaje kwetu? (Mkulima wa zabibu, Hombolo)

Hili ndilo swali zito kuliko yote. Hesabu ya marejeo huona maandishi tu. Haioni pingili ya mzabibu iliyotoka kituo cha utafiti cha Makutupora ikastawi shambani, wala ng'ombe wa Mpwapwa, waliopatikana kwa miongo ya kuchanganya damu za Sahiwal na Red Sindhi, ng'ombe wenye asili ya Asia Kusini, na zebu wa hapa nchini. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 kuhusu tathmini ya utafiti liliwataka waajiri na wafadhili wasimpime mtafiti kwa sifa ya jarida alimochapisha, bali wasome kazi yenyewe na kuzingatia pia data, programu za kompyuta na athari zake katika sera na utendaji. Kwa upande wako, mtafiti akija kuchuma majani ya mizabibu yako kwa uchunguzi wa vinasaba, mwulize majibu yatakurudia lini, na kama yataandikwa kwa Kiswahili.