Kahawa za Kipupwe Dodoma: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Tangu mibuyu ianze kupukutisha majani, barua nyingi zilizotufikia zinauliza kuhusu kahawa zenye ladha za majira: zipatikane wapi, na kwa nini nyingine zinaharibika jikoni. Tumechagua tano.

Mwanangu anasoma Uingereza, na kila ikifika Septemba ananirushia picha za kahawa ya boga yenye mdalasini juu. Mwaka jana, mwezi Oktoba, nilizunguka migahawa minne hapa mjini nikitafuta kitu cha aina hiyo. Miwili hawakuwa nayo. Miwili walinimiminia shira ya chupani, tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Je, Dodoma hakuna kahawa za majira, au mimi ndiye sijui kutafuta? (Mama, Area C)

Shikamoo mama. Kutafuta unajua, ila ulitoka mwezi usio wake.

Huko kwa mwanao majani hupukutika kuanzia Septemba hadi Novemba, baridi ikiwa ndiyo inaingia. Kahawa ya boga ya Starbucks, kampuni ya migahawa ya Kimarekani, ilianza kuuzwa mwaka 2003, na hadi 2015 haikuwa na boga lenyewe ndani. Ladha yote ilitoka kwenye viungo vinavyotiwa katika pai ya boga: mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Viungo hivyo ni vya pilau na chai yetu, kwa hiyo hakuna siri ya mbali hapo. Lakini kwetu Oktoba na Novemba ni miezi ya jua kali linalotangulia mvua za Desemba. Nani atahangaika kupika shira ya viungo vya moto wakati wateja wote wanaulizia barafu? Baridi yetu ni Juni hadi Agosti, upepo wa asubuhi unapokata masikio na mibuyu imebaki matawi matupu. Hayo ndiyo majira yetu ya kupukutika, na ndiyo wakati wa kuzunguka.

Usitafute boga peke yake. Uliza vya msimu huu: ubuyu, karanga, asali ya Manyoni, viazi vitamu, boga lililohifadhiwa tangu mavuno. Mgahawa mdogo unaojali utakuwa na kimoja au viwili tu. Ukiona ubao una ladha ishirini mwaka mzima, jua hizo ni chupa zilizopangwa rafuni.

Ukifika kaunta, uliza maswali mawili: "Shira hii mmepika wenyewe?" na "Mmepika lini?" Shira ya sukari na viungo hukaa kwenye friji kama wiki mbili, na ya boga isizidi wiki moja. Anayepika mwenyewe atakutajia siku bila kufikiri. Akikujibu "ipo tu," agiza kahawa nyeusi. Kisha omba kuona mfuko wa kahawa. Unatakiwa kuwa na tarehe ya kukaanga, maana tarehe ya mwisho wa matumizi haikuambii kitu. Kahawa ya punje iliyokaangwa kati ya wiki moja na wiki tano zilizopita bado ina harufu ya kushindana na mdalasini. Ikichakaa, viungo vinaimeza na unabaki na maziwa matamu.

Mtazame pia mtengenezaji anapochemsha maziwa. Mwanzoni bomba la mvuke litoe mlio mfupi kama karatasi inayochanwa, halafu litulie. Likipiga kelele hadi mwisho, maziwa hayakupata hewa na yanaungua. Anayejua huacha pale jagi linapokuwa la moto kiasi kwamba kiganja hakivumilii tena, takriban nyuzi 60. Yakipita 70 utamu wa maziwa unapungua, harufu ya kupikwa inaingia, na ndipo watu huongeza shira kuficha kasoro. Povu likimiminwa ling'ae kama rangi mbichi ukutani, lisisimame kama sabuni ya kufulia.

Jambo la mwisho, mama: omba nusu ya shira. Mililita 30, kipimo cha kawaida cha kikombe kimoja, zina sukari kama vijiko vinne vya chai. Na nenda saa nne asubuhi. Wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, mchana migahawa ya katikati ya mji inajaa, na hakuna atakayekupimia shira kwa utulivu.

Usivipite vijiwe vya kahawa vilevile. Dele juu ya mkaa, tangawizi na iliki, kashata pembeni: hiyo ni kahawa ya kipupwe kamili, na hapo mpikaji na muuzaji ni mtu yuleyule.

Nina mgahawa mdogo Kisasa. Nilitaka kuweka kwenye orodha kahawa ya maziwa yenye ubuyu, na nyingine ya tangawizi mbichi. Zote mbili maziwa yanakatika. Nimebadilisha maziwa mara tatu. Tatizo ni mashine? (Mwenye mgahawa)

Kaka, mashine haina kosa. Una matatizo mawili tofauti yanayofanana kwa sura.

Ubuyu ni mchachu sana. Protini ya maziwa huanza kujikusanya na kutengana na maji uchachu unapoongezeka, na kadiri maziwa yanavyokuwa ya moto ndivyo yanavyokatika mapema. Kahawa nayo tayari ina uchachu wake. Ukiweka ubuyu, kahawa na maziwa ya nyuzi 60 katika kikombe kimoja, umetengeneza jibini. Hakuna maziwa yatakayokuokoa, kwa hiyo yaondoe kabisa.

Chukua gramu 20 za unga wa ubuyu (vijiko viwili vya chakula vilivyojaa), gramu 30 za asali na mililita 200 za maji ya uvuguvugu. Pekecha, acha dakika kumi unga uvimbe, kisha chuja kwa kitambaa huku ukikamua. Usichemshe, maana ubuyu una pektini nyingi na ukipata moto unakuwa uji. Kwa mteja wa mchana, jaza bilauri barafu, mimina mililita 100 za ubuyu huo, halafu teremsha espreso moja (kahawa nzito ya mashine) juu ya mgongo wa kijiko, polepole. Kahawa itaelea, nyeusi juu ya nyeupe ya maziwa isiyo na tone la maziwa. Kwa asubuhi ya baridi, weka vijiko viwili vya chakula vya ubuyu huohuo katika mililita 150 za kahawa nyeusi ya moto. Kwa maoni yetu hiki ndicho kinywaji cha Dodoma hasa, na tunashangaa hakijaenea.

Tangawizi mbichi ni habari nyingine. Ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa. Kusini mwa China wanakitumia kwa makusudi kugandishia maziwa ya kitindamlo. Kimeng'enya hicho hufa kikichemka. Paruza gramu 10 za tangawizi, chemsha katika mililita 100 za maji kwa dakika tano kamili, chuja, ndipo uchanganye na maziwa. Kosa la wengi ni kutia tangawizi kwenye maziwa yakiwa ya vuguvugu na kuvipandisha moto pamoja. Hapo unakuwa umekipa kimeng'enya joto kinalolipenda.

Kuna sababu ya tatu ambayo inafaa uiondoe kila asubuhi. Chemsha vijiko viwili vya maziwa kwenye sufuria ndogo. Yakitoa punje, yameshaanza kuchacha hata kama hayanuki. Na yakikataa kutoa povu ingawa ni mabichi na hayajakatika, mara nyingi yametiwa maji: povu linashikwa na protini, na protini imepunguzwa.

Kahawa niliyonunua Moshi ilikuwa na uchangamfu kama wa limau. Nikiipika nyumbani Dodoma imepooza na ina ladha ya chaki. Nimeuziwa tofauti? (Msomaji, Ilazo)

Hujauziwa tofauti, maji yako ndiyo tofauti. Mji huu unategemea kwa kiasi kikubwa maji ya visima, vikiwemo vya Makutupora, na maji ya ardhini ya ukanda huu huwa mazito kwa madini. Madini yale yanayoacha magamba meupe kwenye birika ndiyo yanayozima uchachu wa kahawa, na uchachu huo ndio uchangamfu uliouonja Moshi.

Jaribu hivi. Chemsha maji, yaache yapoe na kutuama usiku kucha, kisha mimina taratibu ukiacha tope jeupe chini. Sehemu ya madini hayo itakuwa imeondoka, ila chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Ukiweza, tumia maji ya chupa ambayo lebo yake inaonyesha madini yaliyoyeyuka kati ya miligramu 75 na 150 kwa lita. Usichukue maji ya betri ukidhani ni safi zaidi. Si ya kunywa, na maji yasiyo na madini kabisa hayavuti vizuri ladha ya kahawa. Mgahawani uliza kama mashine ina kichujio. Asiye nacho, shira ya mdalasini itamficha kiasi, lakini espreso tupu itamfichua.

Nauza chai na vitafunwa kwenye kibanda Chang'ombe. Nina jiko la gesi, sina mashine wala friji. Naweza kuuza kahawa ya boga ya kweli? (Dada wa kibanda)

Unaweza, dada, na huenda ikawa bora kuliko ya mashine, kwa sababu utapika ya siku ileile.

Chagua boga zito lenye nyama ya rangi ya machungwa iliyokolea. Boga la maji halina utamu na litakufanya uongeze sukari bure. Lipike kwa mvuke, usilitumbukize ndani ya maji. Likilainika, ponda na pima gramu 200. Weka sufuriani pamoja na sukari ya kahawia gramu 200, maji mililita 250, vijiti viwili vya mdalasini, kipande cha tangawizi cha gramu 10 kilichopondwa, karafuu tano na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Moto mdogo, dakika 20, ukikoroga. Zima, ndipo uparuze kungumanga, robo kijiko cha chai. Ukiitia mapema harufu yake inapotea na uchungu unabaki. Hesabu karafuu zako. Saba zinatosha kumtia mteja ganzi ulimini, na hatajua alikunywa kahawa.

Kuchuja ndiko kunakotenganisha kahawa nzuri na uji. Tumia kitambaa, si chujio la chai. Nyuzi za boga zikipita zitakaa chini ya kikombe, na mteja atakumbuka ile funda ya mwisho tu. Bila friji, pika kiasi cha siku na ukiweke kwenye chupa ya chai ikiwa ya moto. Kilichobaki jioni usikilaze.

Kwa kahawa, tumia gramu 20 za kahawa iliyosagwa kiasi, si laini sana wala si ya chenga, kwa mililita 250 za maji. Vitabu vingi vinasema usubiri nusu dakika baada ya maji kuchemka ili kahawa isiungue. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, kwa hiyo mimina mara moja. Koroga, funika dakika nne, chuja. Ukiacha dakika nane itakuwa chungu na hakuna boga litakaloifunika.

Maziwa yapashe bila kuyachemsha, kisha shika upekecho, utumbukize kichwa chake karibu na uso wa maziwa na uuzungushe kati ya viganja kwa dakika moja. Ukiuzamisha hadi chini unakoroga tu; povu linatoka pale kichwa kinapovuta hewa. Kikombe kimoja: kahawa mililita 100, shira mililita 20, maziwa mililita 100, mdalasini wa kunyunyizia juu.

Ukitaka ya pili, weka karanga: kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa laini, bila sukari, pekecha ndani ya maziwa ya moto na uchuje. Andika "KARANGA" kwa herufi kubwa kwenye ubao. Kuna watu zinawadhuru vibaya.

Mji huu ni wa zabibu. Mbona hatuoni kahawa ya zabibu? (Msomaji, Makole)

Kwa sababu wanaojaribu huanza na zabibu nyekundu. Maganda na mbegu zake zina ukakasi, kahawa ina wa kwake, na ukikutanisha huo wote ulimi unakauka kama umetafuna embe bichi. Tumia nyeupe. Mavuno ya pili ya mwaka huangukia Agosti na Septemba, kipupwe kikiaga, kwa hiyo wakati unalingana. Kamua, chuja mbegu na maganda kabla ya kuweka motoni, kisha chemsha lita moja ya maji ya zabibu polepole hadi ibaki mililita 250. Usiongeze sukari. Mililita 25 za shira hiyo, espreso moja, barafu na mililita 80 za maji baridi. Maziwa usiyatie, kwa sababu ileile ya ubuyu.