Maswali na Majibu: Shujaa Aliyegeuzwa, Arudi Kuwa Mtu?

Wiki hii nimeyaweka kando maswali ya majalada na wachapishaji. Nimechukua yale yanayohusu wahusika waliogeuzwa: fisi, nyoka, jiwe, zimwi. Yamekuwa mengi, na mengine yanafanana mno.

Shikamoo. Ninaandika simulizi ninayoirusha kwenye kundi la WhatsApp. Shujaa wangu aligeuzwa fisi na mama wa kambo tangu sehemu ya 3. Sasa nimefika ya 61 na wasomaji wanataka arudi kuwa mtu. Nimrudishe? (Kijana, Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Mrudishe, kama kuna mtu wa kulipa.

Kwenye Alfu Lela Ulela kuna darweshi wa pili, mtoto wa mfalme aliyegeuzwa nyani na jini. Anapanda jahazi, anaandika hati nzuri kwa mkono wa nyani mpaka mabaharia wanashangaa, kisha anapelekwa kwa mfalme. Binti wa mfalme anaingia chumbani, anamwona, na papo hapo anajifunika uso. Baba yake anashangaa: unamwonea haya nyani? Binti anajibu kuwa huyu si nyani, ni mwanamume. Kisha anapigana na yule jini kwa ajili ya mtu asiyemjua. Jini anakuwa simba, anakuwa nge, anakuwa komamanga linalopasuka na kutawanya punje, naye binti anakuwa jogoo wa kuzidonoa. Mwisho wanapigana kwa moto. Binti anashinda, anamnyunyizia kijana maji, na kijana anarudi kuwa mtu. Halafu moto ulioingia mwilini mwa binti unammaliza, anabaki jivu. Kijana mwenyewe ameshapoteza jicho moja kwa cheche. Mfalme, ambaye sasa hana mtoto, anamwambia aondoke nchini mwake.

Hivyo ndivyo mtu anavyorudi. Sasa soma tena muhtasari ulionitumia. Sehemu ya 62 anatokea mganga ambaye hatujawahi kumsikia, anamwaga maji ya mtungi, fisi anakuwa kijana mtanashati, na sehemu ya 63 ni harusi. Watu waliokuchangia vocha kwa miezi yote hiyo watahisi wameibiwa, na watakuwa na haki.

Tena kuna jambo umelikwepa tangu mwanzo. Fisi wako amekula nini muda wote huo? Sijaona hata sehemu moja anakula. Fisi anakula mizoga, anavunja mifupa, anafukua. Kama shujaa wako amefanya hayo, hawezi kurudi kukaa mkekani na mama yake kama mtu aliyetoka safari ya Mwanza. Kama hakuyafanya, basi hakuwahi kuwa fisi, alikuwa kijana aliyevaa ngozi. Rudi ukaandike sehemu anayokula. Ukishaiandika, utajua mwenyewe kama arudi au abaki.

Naweza kumalizia kwa kusema ilikuwa ndoto?

Hapana.

Yule paa wa hadithi ya Sultani Darai alikuwa mtu aliyerogwa? Mwalimu wetu anasema ndiyo. (Mwanafunzi, Tanga)

Mheshimu mwalimu wako, lakini paa ni paa. Hakuna mahali popote kwenye hadithi iliyosimuliwa Unguja, ile Edward Steere aliyoichapa mwaka 1870, panaposema alikuwa mtu. Na uzito wa kisa uko hapo hapo. Mnyama anamtoa maskini jaani, anamtafutia mke na nyumba, kisha anaugua, na yule aliyenufaika anaona uji wa mtama ndio unaomfaa. Paa anakufa kwa uchungu, na bwana yule anaamka yuko jaani tena, anachakura kama kuku. Ukimfanya paa kuwa mtu, unamwambia msomaji kuwa wema wake ulikuwa na thamani kwa sababu ndani yake alikuwa mmoja wetu. Hadithi inasema kinyume chake kabisa.

Na kabla hujaniandikia tena: ndiyo, kule kuamka jaani kunakaribia ndoto, nami nimekataza ndoto hapo juu. Tofauti ni kwamba yule bwana alistahili.

Mwalimu, uliwahi kusema shujaa akirudi lazima abaki na alama. Kovu usoni linatosha? (Mama wa watoto wawili, Nakuru)

Kovu ndilo jambo la kwanza linalomjia kila mwandishi, kwa hiyo tuliweke pembeni.

Nikupe alama ninayoipenda kuliko zote. Ndugu Grimm wa Ujerumani walichapa mwaka 1812 kisa cha ndugu sita waliogeuzwa batamaji weupe. Dada yao anaambiwa atawaokoa kwa miaka sita ya kutosema wala kucheka, na kwa kushona mashati sita ya maua madogo yenye umbo la nyota. Anashona. Anaolewa na mfalme hajasema neno. Watoto wake wanafichwa, anasingiziwa kuwa amewala, naye hajitetei kwa sababu akifungua kinywa kazi yote inaharibika. Siku ya kuchomwa moto ndiyo siku ya mwisho ya ile miaka sita. Batamaji wanashuka, anawatupia mashati, wanakuwa watu. Isipokuwa shati la mwisho lilikosa mkono wa kushoto. Muda haukumtosha. Kitindamimba anarudi kuwa mtu, na palipokuwa na mkono wa kushoto pana ubawa.

Angalia kinachofanywa na huo ubawa. Kwanza, unatuonyesha kazi. Bila ubawa tungeamini kuwa mashati yaliota yenyewe. Ubawa unasema kulikuwa na mwanamke anayekimbizana na siku, sindano mkononi, na alishindwa kwa mkono mmoja tu wa shati. Pili, hakuna anayemlaumu. Tatu, unabaki baada ya hadithi kwisha. Mimi niliusikia utotoni na mpaka leo najiuliza alilalaje. Alikuwa akilalia upande gani? Alipoona ndege wanapita, ule ubawa ulitulia?

Kovu lako linaweza kufanya hayo? Kama linaweza, liache. Kama ni mstari tu shavuni unaomfanya apendeze zaidi, tafuta kitu kingine. Tafuta kitu kinachosumbua wakati wa kuvaa nguo, kupika, kumbeba mtoto. Nawe una watoto wawili, unajua mikono inavyotakiwa kuwa miwili.

Nezuko, yule dada aliyegeuzwa zimwi kwenye katuni ya Kijapani ya Demon Slayer, alikunywa dawa akarudi kuwa binadamu, basi. Mashabiki walilia kwa furaha. Mbona unawakaza waandishi wa kwetu tu? (Kijana, Kampala)

Asiyejua mwisho wa Demon Slayer, na hataki kuambiwa, aruke jibu hili, ingawa vitabu vyake vya katuni vilikwisha tangu mwaka 2020.

Umesema "basi" mahali pasipo na basi. Dawa ile aliitengeneza Tamayo, ambaye mwenyewe ni zimwi na ana damu za watu anazozijutia, na aliuawa vita havijaisha. Naye Tanjiro, kaka aliyembeba dada yake sandukuni mgongoni tangu mwanzo, anageuzwa zimwi katika dakika za mwisho, baada ya adui kufa, na wanaobaki wazima wanalazimika kupigana naye. Akirudishwa, jicho moja halioni na mkono mmoja umebaki kama wa mzee. Nezuko amerudi mzima, ndiyo. Bili imekwenda kwa kaka.

Ukitaka mfano ulio wazi zaidi, wachukue ndugu wawili wa Fullmetal Alchemist, katuni nyingine ya Kijapani, kazi ya Hiromu Arakawa iliyotoka kati ya 2001 na 2010. Alphonse amepoteza mwili wote, roho yake imefungwa ndani ya deraya tupu. Tunasubiri juzuu 27 aupate. Anaupata ukiwa mifupa na ngozi, kwa sababu mwili nao uliteseka kule ulikokuwa. Na Edward, ili aupate, anatoa ule ujuzi uliomfanya awe Edward. Mguu wake wa kushoto unabaki wa chuma. Arakawa angeweza kumpa na mguu. Hakumpa, na nina hakika alifanya vyema.

Siwakazi waandishi wa kwetu. Nataka wafike huko, na wengine wenu mnaweza.

Nimefundisha fasihi miaka mingi, na naona kanuni yako haishiki. Kwa Homeri, mshairi wa kale wa Kigiriki, wenzake Odisei waliogeuzwa nguruwe na mchawi Kirke walirudi wakiwa vijana zaidi, warefu zaidi na wazuri zaidi. Walilipa nini? (Mwalimu mstaafu, Mombasa)

Shikamoo, Mwalimu. Umenibana pazuri. Ni kweli, Homeri amewarudisha na nyongeza.

Nitajitetea kwa kidogo tu. Wanalia, na kilio chao kinaitikisa nyumba nzima. Halafu wanakaa pale pale kwa yule yule aliyewageuza, mwaka mzima, wakila na kunywa, na siku ya kuondoka mdogo wao, Elpenori, anaanguka kutoka juu ya paa akavunjika shingo kwa sababu ya ulevi. Katika wote hao, hakuna anayefika kwao isipokuwa Odisei. Pengine uzuri ule ulikuwa mkopo. Lakini sitalazimisha. Homeri hakuwa anaandika kisa cha mtu aliyegeuzwa. Nguruwe walikuwa kituo kimoja njiani. Kwa kisa ambacho kugeuzwa ndio moyo wake, nashikilia nilichosema.

Naomba njia tano za kumrudisha shujaa katika hali ya ubinadamu, unitumie leo. Asante.

Sitatuma. Swali hili nimelipata mara kumi na moja tangu mvua zianze, halina jina la mhusika, halisemi amegeuzwa nini, na nani, wala kwa kosa gani. Anayetaka kujua mlango wa kutokea aniambie kwanza aliingilia wapi.

Katika riwaya yangu binti amezaliwa na ualbino kwa sababu ya laana ya babu. Mwishoni laana inavunjika, ngozi yake inabadilika, na anakuwa mtu kamili. Naomba maoni yako kabla sijachapa. (Mwandishi, Kanda ya Ziwa)

Usichape.

Nakuandikia kwa upole kwa sababu naamini hukukusudia ubaya, lakini nitasema wazi. Ualbino si laana na si umbo la kugeuzwa. Ni hali ya kurithi: mwili unatengeneza rangi kidogo mno, au hautengenezi kabisa, na mtoto anaweza kuipata pale baba na mama wote wawili wanapoibeba, hata kama ngozi zao ni nyeusi ti. Hakuna babu aliyekosa. Na wewe unaandika ukiwa Kanda ya Ziwa, mahali ambapo watu wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu kuna walioamini kuwa wenzao hawa si watu kamili, kwamba ni mizimu, kwamba hawafi bali hutoweka. Imani ile ilipita midomoni kwa njia ya hadithi. Hadithi yako, hata ikiwa na mwisho wa furaha, inasema kitu kile kile: hakuwa mtu mpaka ngozi ilipobadilika.

Wengine mna mhusika kiwete anayetembea ukurasa wa mwisho, au kipofu anayeona, na mnaniita mkali ninapouliza kwa nini. Nauliza kwa sababu kuna msomaji mwenye magongo atakayefika ukurasa ule na kujifunza kwamba kwa macho yenu yeye bado hajafika mwisho mwema. Fisi, nyani na jiwe ni mali ya ndoto zetu, wachezeeni. Miili ya majirani zenu si mavazi ya uchawi.

Ukitaka kuiokoa riwaya yako, mwache binti na ngozi yake. Mpe kofia pana na nguo za mikono mirefu, maana jua linamuumiza kweli. Kisha waandike waliomwita laana, uone kama kati yao na yeye ni nani aliyegeuzwa.

Mpenzi wake alimpenda akiwa zimwi. Akirudi kuwa mtu, mapenzi yanaendelea?

Inategemea alipenda nini. Wafaransa walioandika kisa cha mrembo na mnyama, Bi Villeneuve mwaka 1740 na Bi Leprince de Beaumont mwaka 1756, wanadhani yanaendelea. Kisa cha kale cha Kigiriki cha mtu aliyegeuzwa punda kinadhani la: mwanamke aliyempenda akiwa punda anamfukuza alipomwona ni mwanamume wa kawaida tu. Fiona kwenye filamu ya Shrek aliikata shida kwa kubaki zimwi. Andika ukurasa mmoja wa asubuhi ya pili, wawili hao wakinywa chai, hawajazoeana. Waandishi wote mnauruka, na huo ndio ninaotaka kuusoma.

Nimefuata ushauri wako. Amelipa, ana alama, amerudi. Nimekwama kwenye neno lake la kwanza. Aseme nini? (Dada, Bujumbura)

Mwache asiseme upesi, dada yangu.

Mshairi wa Kirumi, Ovidi, anasimulia kuhusu Io aliyegeuzwa mtamba. Akiwa mtamba, baba yake anampapasa bila kumjua, na yeye, kwa kukosa ulimi, anaandika jina lake mchangani kwa kwato. Baadaye anarudishwa. Manyoya yanamtoka, pembe zinapungua, kwato zinagawanyika kuwa kucha, anasimama kwa miguu miwili. Amerudi mzima, mzuri, hana alama yoyote ya mwili isipokuwa weupe wake, na bado anaogopa kusema asije akalia kama ng'ombe. Ndipo anaanza kidogo kidogo, kwa woga, kuyajaribu tena maneno aliyoyaacha.

Wako alikuwa chatu, si ndio? Basi aanze na neno lisilo na herufi ya "s".