Presha ya mimba inayopanda na kushuka ghafla

Pole sana dada, kwa ulivyoeleza, mdogo wako ana mimba ya wiki 18, presha inaruka hadi 200 halafu inashuka yenyewe, protini kwenye mkojo hamna, mi nisingekubali iitwe dalili ya kifafa cha mimba hivihivi, maana hicho kwa kawaida kinaanza baada ya wiki 20. Muulize, presha ikipanda anaumwa kichwa, moyo unaenda mbio na jasho mpaka nguo zinaloa chapachapa, vyote kwa pamoja? Kama ndio, mwombeni daktari afikirie uvimbe wa tezi ya adrenali, ile iliyokaa juu ya figo, unaitwa feokromositoma. Ni nadra sana kwa wajawazito ila usipojulikana mapema unaweza kuua mama na mtoto, ndo maana nasisitiza. Kipimo ni metanefrini, yaani kemikali zinazotokana na homoni za tezi hiyo, za damu au mkojo wa saa 24, zikiwa juu ndo wanautafuta kwa MRI, picha ya mashine ya sumaku, CT wanaikwepa sababu ya mionzi. Ataje dawa zote anazotumia, zipo za presha zinazovuruga majibu, na hata metoclopramide ya kuzuia kutapika inaweza kumpandisha presha vibaya. Wakiukuta wanaanza na dawa za kulegeza mishipa ya damu kama doxazosin, beta bloka, zile za kupunguza mapigo ya moyo, ni baadaye, ikitangulia presha inaweza kupanda zaidi. Kuutoa mara nyingi ni kabla ya wiki 24, ikipita wanasubiri ajifungue, kwahiyo muda mnao ila sio mwingi. Dawa alizopewa asiziache mwenyewe. Mpelekeni rufaa sasa, na ikigonga 200 tena msisubiri kukuche.