Kabla Hujaitoa Thamostati ya Datsun 240Z

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba Datsun 240Z yake, lile gari la michezo la zamani kutoka Japani, inachemsha, na kwamba fundi amemshauri aitoe thamostati, yaani vali inayofunguka kwa joto ili maji ya injini yapite kwenda kwenye rejeta, kwa sababu kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Nilicheka, kisha nikaona uchungu, kwani maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikayaamini, na mwishowe nikanunua kichwa kingine cha silinda.

Gari langu ni la mwaka 1972. Sisi tunaolipenda hatuhitaji kukumbushana kwamba aina hii ndiyo iliyoshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Nami nilijiambia kwamba gari la namna hiyo haliwezi kusumbuliwa na lami ya Mombasa. Lilisumbuliwa. Tukirejea Nairobi, tulipopita Mtito Andei mshale wa joto ulianza kupanda kila nilipokanyaga mafuta na kushuka kila nilipolegeza mguu, na kwenye vilima vya Salama mvuke ukafumka mbele yetu. Mke wangu hakusema neno, jambo lililoniuma kuliko angenilaumu.

Fundi alibadilisha rejeta, akabadilisha pampu ya maji, kisha akaitoa thamostati na kuitupa. Safari iliyofuata gari lilichemsha vilevile, na kichwa, ambacho ni cha alumini juu ya bloku ya chuma, kikapinda. Nilipolalamika nikaambiwa kwamba magari ya kizamani ni ya kuoshwa na kupigwa picha.

Kosa nililigundua mwenyewe, bila kununua kitu. Nilimwomba kijana wangu akanyage mafuta gari likiwa limesimama, nami nikautazama mpira wa chini wa rejeta, ule ambao pampu hunyonyea maji. Injini ilipozunguka polepole ulikuwa mnene. Ilipozunguka kwa kasi ukabonyea kama mrija wa soda, kwa kuwa ulikuwa umelainika na springi ya ndani haikuwamo. Maji hayakupita.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usinunue chochote kabla hujajua gari linachemsha wakati gani. Likichemsha kwenye foleni na kupoa barabarani, kagua feni, klachi yake na kava inayoizunguka. Likichemsha kwenye mwendo kasi, kagua mpira wa chini, pampu na njia za rejeta. Kisha soma kifuniko cha rejeta: kinapaswa kuandikwa 0.9, yaani kilo 0.9 za presha kwa kila sentimita ya mraba, na presha hiyo, inayozuia maji yasichemke mapema, ina maana kubwa Nairobi, ambako kwa sababu ya mwinuko maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Thamostati ipime ndani ya sufuria ya maji mekoni, yenye kipimajoto. Ile ya nyuzi 82 itafunguka mbele ya macho yako muda mrefu kabla maji hayajatokota. Watu hawataki kutazama, wanataka kununua, na hapo ndipo pesa zetu zinapoishia.

Jumamosi nilipanda Salama nyuma ya malori, thamostati ikiwa mahali pake na mpira mpya chini, na mshale ukatulia katikati hadi juu. Nilimpigia yule fundi simu nikiwa kileleni. Hakupokea.